Mlima Nyuma ya Bandari: Akiolojia ya Vijiji vya Wakulima wa Hajar

Kwa miongo mingi wanaakiolojia waliofika Oman na Ras al-Khaimah walikatiza katikati ya vijiji vya mawe wakiwa njiani kutafuta makaburi. Makaburi ya Zama za Shaba, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ndiyo yaliyowavuta, kwani kila mmoja alitaka kuifikia nchi ya Magan inayotajwa katika maandishi ya Mesopotamia kuwa chimbuko la shaba. Nyumba iliyohamwa na wenyewe miaka 40 tu iliyopita, vigae vya juzi na jana vikiwa bado vimetapakaa mlangoni, haikuhesabiwa kuwa kitu cha kuchimbwa. Ndiyo maana tunajua mengi juu ya waliozikwa katika makaburi ya kale ya Bat na Hili, na machache juu ya watu waliokuwa wakivuna ngano juu ya majabali ya Musandam mwaka Vasco da Gama alipotia nanga Malindi.

Pengo hilo limekuwa likizibwa polepole. Beatrice de Cardi alianza kuyakagua maeneo ya Ras al-Khaimah mwaka 1968. Walter Dostal akachora majengo ya kaskazini ya Ras al-Khaimah, na Paolo Costa akafanya kazi ya namna hiyo Musandam na kuichapisha mwaka 1991. Derek Kennet alipanga vigae vya zama za Kiislamu kwa tarehe, na wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Kassel, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, wakaingia mashambani kupima udongo. Sasa ushahidi unatosha kuliuliza upya swali kubwa: vijiji hivi vilikuwa nini hasa?

Jibu lililozoeleka ni kwamba vilikuwa kimbilio. Watu walifukuzwa tambarare na vita au ukame, wakapanda mlimani, wakajifungia huko na kuishi maisha yaleyale hadi mafuta yalipogunduliwa. Ni jibu linalouzika vizuri kwa watalii. Lakini ukiyasoma mashamba, maji na mitungi kwa pamoja, unakuta vijiji vilivyopanuka na kusinyaa kwa kufuata mambo ya baharini. Mkulima wa milima ya Hajar alilima jabalini huku jicho lake moja likiwa bandarini.

Maji ya aina mbili

Safu ya Hajar inaanzia ncha ya Musandam, kwenye mlango wa bahari wa Hormuz, na kuteremka kusini-mashariki hadi karibu na Ras al-Hadd. Kilele chake, Jabal Shams, kinakaribia mita 3,000. Uwanda wa Saiq katika Jabal Akhdar, ulio mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya wastani wa milimita 300 hivi kwa mwaka, wakati pwani ya Batina hupata theluthi moja tu ya hiyo. Kwa mkulima wa Usambara kiasi hicho ni ukame wa kutisha, lakini kwa Arabuni ni neema, na neema hiyo imevunwa kwa njia mbili tofauti.

Njia ya kwanza ni falaji, yaani mfereji unaochukua maji kwenye chemchemi, bondeni au chini ya ardhi na kuyateremsha kwa mvutano wa mteremko peke yake. Waomani wanazitofautisha falaji kwa asili ya maji yake: daudi huchimbwa chini kwa chini hadi kwenye maji ya ardhini, ghaili hukinga maji yanayotiririka bondeni, na aini hutoka kwenye chemchemi. Katika Jabal Akhdar, vijiji vya al-Ayn, al-Aqr na ash-Shirayjah vimening'inia ukingoni mwa genge, na chini yake mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi yakiwa na makomamanga, waridi na jozi. Maji hugawanywa kwa zamu. Kipimo kinachotumika sana ni athari, takriban nusu saa, ambayo mchana ilihesabiwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota. Zamu nyingine ni wakfu wa msikiti. Nyingine ni mali ya falaji yenyewe, na hunadiwa ili fedha zake zilipe matengenezo. Falaji zipatazo 3,000 bado zinatumika Oman, na 5 kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Njia ya pili iko kaskazini, Musandam na milima ya Ras al-Khaimah, nchi ya Washihuh. Huko jabali ni la chokaa, linameza maji, na chemchemi juu yake ni nadra. Wakulima walijenga kuta za mawe zilizokatiza mabonde madogo na mabwawa ya asili. Mvua ikinyesha, mafuriko huangusha tope nyuma ya ukuta, na tope hilo ndilo shamba. Ngano na shayiri zilipandwa wakati wa baridi kwa kutegemea mvua pekee, na maji ya kunywa yaliwekwa kwenye mabirika yaliyochimbwa na kusakafiwa.

Tofauti hii inaamua mwanaakiolojia ataona nini. Kijiji cha falaji hakihamihami, kwa sababu mfereji ukishapita mahali, kila kitu kinafuata usawa wake: mashamba yanakaa chini ya mfereji, nyumba zinakaa juu yake kwenye mwamba usiofaa kulimwa. Nyumba ikibomoka, mawe yake yanatumika palepale kujengea nyingine, na karne tano zinaweza kulaliana ndani ya ukuta mmoja. Vijiji vya mvua vimetawanyika, nyumba tatu hapa na tano kule, na kila kimoja kinaonekana wazi. Lakini vimekaa juu ya mwamba mtupu, na chini ya sakafu hakuna tabaka za udongo za kuchimbua.

Nyumba yenye mtungi usiopita mlangoni

Jengo lililowafunza watafiti zaidi ya jingine lolote huko kaskazini ni bayt al-qufl, nyumba ya kufuli. Ukiitazama kwa mbali ni kama rundo la mawe lenye paa bapa. Ukifika mlangoni inakubidi uiname, kisha ushuke, maana sakafu imechimbwa chini ya usawa wa ardhi. Kuta ni nene na zimejengwa kwa mawe makubwa, mengine yasiyonyanyuliwa na mtu mmoja. Paa ni magogo, juu yake bamba za mawe, kisha kokoto na udongo ulioshindiliwa. Dirisha hakuna. Mlango ni mdogo na mzito, na kufuli yake ya mbao ndiyo iliyoipa nyumba jina.

Ndani, gizani, mna mitungi ya nafaka. Mitungi hiyo ni mipana kuliko mlango. Iliwekwa ndani kwanza, kisha kuta zikapandishwa kuizunguka, kwa hiyo haikuweza kuibwa na haikuweza kubadilishwa. Kwa mtafiti huo ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu mtungi hauwezi kuwa mdogo kwa umri kuliko ukuta unaouzingira. Ukiujua umri wa mtungi, umepata tarehe ambayo nyumba haiwezi kuitangulia, ilhali mawe yake peke yake hayasemi chochote.

Mitungi mingi ya aina hii ni kazi ya wafinyanzi wa Julfar, mji wa pwani ya Ras al-Khaimah. Matanuri yao yalikuwa Shimal na Wadi Haqil, chini ya milima, mwendo mfupi kutoka baharini. Walifinyanga tangu karne ya 14 hivi hadi karne ya 20, vyombo vyekundu na vya kahawia, vingi vikiwa vimechorwa mistari na vizingo vya rangi nzito. Kwa kulinganisha tabaka za uchimbaji wa Kush na al-Mataf, huko Ras al-Khaimah, Kennet aliweza kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 2004, jinsi maumbo na michoro ya vyombo hivyo ilivyobadilika karne hadi karne. Hivyo kigae kilichookotwa kwenye kilele kinaweza kulinganishwa na kigae kilichochimbwa bandarini.

Na hapo hoja ya kimbilio inaanza kuyumba. Mtungi mzito uliochomwa tambarare ulipandishwa hadi mita 1,000 na zaidi kwa njia za punda na mabega ya watu. Aliyeununua alikuwa na cha kulipa, na aliijua njia ya sokoni. Kufuli nayo inasema jambo hilohilo. Nyumba hufungwa na mtu anayeondoka, na wenyeji wa milima hii waliondoka kila mwaka. Mavuno ya ngano yakishawekwa ndani, joto likianza, familia ziliteremka pwani kuvuna tende, kuvua samaki na, kwa baadhi ya wanaume, kwenda kwenye lulu. Baridi ikirudi, walipanda tena kulima. William na Fidelity Lancaster, waliokaa na wazee wa Ras al-Khaimah na kuchapisha kazi yao mwaka 2011, walieleza uchumi huu kwa kina. Kaya moja ilikuwa na shamba juu, mbuzi mteremkoni, haki ya mitende bondeni na jamaa wenye mashua pwani. Mvua ikikosekana juu, samaki walikuwepo, na lulu ikiporomoka bei, ngano ilikuwa ndani ya mtungi.

Vitu vingine vya kijiji vinaisaidia picha hiyo. Kuna viwanja vya kupuria vilivyosakafiwa kwa mawe. Kuna misikiti ya chumba kimoja, ambayo mtu asingeitambua isipokuwa kwa mihrabu iliyochomoza kwenye ukuta wa kibla. Na kuna makaburi yenye mawe ya kusimama ambayo, kwa desturi iliyoenea Oman, ni mawili kwa mwanamume na matatu kwa mwanamke. Ukubwa wa uwanja wa kupuria unakadiria mavuno, na wingi wa makaburi unapima kama watu walizaliwa na kufa hapo au walipita tu.

Umri wa ukuta usio na tarehe

Kazi ngumu kuliko zote ni kuyapa mashamba umri. Ukuta wa shamba la ngazi hubomolewa na mafuriko na kujengwa tena kwa mawe yaleyale, pengine mara mbili katika maisha ya mtu mmoja. Njia za kuupatia tarehe zipo, na kila moja ina hila yake.

Ya kwanza ni vigae. Tony Wilkinson, alipochunguza viunga vya bandari ya Sohar miaka ya 1970, aliona vigae vidogovidogo vilivyotawanyika mashambani mbali na nyumba yoyote. Alivieleza kuwa ni mabaki ya samadi: taka za nyumbani, jivu na kinyesi cha mifugo vilichanganywa, vikabebwa shambani, na vipande vya vyungu vilivyovunjika vikaenda humohumo. Kwa hiyo enzi yenye vigae vingi ndiyo enzi ya kilimo kizito. Sohar vigae hivyo ni vya karne ya 9 na ya 10.

Ya pili ni mkaa, unaopimwa kwa kaboni-14. Tatizo ni kwamba udongo wa shamba la mlimani huwa umebebwa kutoka kwingine, na mkaa uliomo unaweza kuwa umekuja na udongo huo, wa kale kuliko shamba lenyewe. Ya tatu hupima mara ya mwisho chembe za mchanga zilipopigwa na mwanga kabla ya kufukiwa. Inafaa kwa udongo uliokaa nyuma ya ukuta, lakini tope lililoshuka kwa mafuriko ya usiku linaweza kufukiwa bila kuliona jua, na likatoa umri uliozidi.

Ya nne ni udongo wenyewe. Kule Balad Seet, kijiji kilichopo kwenye mita 1,000 hivi upande wa kaskazini wa Jabal Akhdar, watafiti wa Kassel na wenzao walichimba mashimo katika mashamba ya ngazi na kukuta udongo mzito uliotengenezwa na binadamu, unaopitisha maji haraka. Hilo linaeleza jambo ambalo lingewashangaza wataalamu wengi wa umwagiliaji. Mashamba yamemwagiwa maji kwa karne nyingi katika nchi ya joto kali bila kuharibiwa na chumvi, kwa sababu maji ya ziada huiosha na kuishusha chini ya mizizi. Aliyepanga mawe, changarawe na tope kwa mpangilio huo alijua anachofanya, hata kama hakuacha maandishi.

Ya tano inatoka pangoni. Stalagmiti, zile nguzo za chokaa zinazoota sakafuni mwa mapango kwa matone ya maji, huhifadhi kumbukumbu ya mvua katika tabaka zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwa kutumia stalagmiti ya pango la Hoti, karibu na al-Hamra, ulionyesha ukame mkali katika karne ya 6, miongo michache kabla ya Uislamu, na kuuhusisha na kuanguka kwa ufalme wa Himyar huko Yemeni. Wakulima wa zama za Kiislamu, kwa hiyo, waliirithi ardhi iliyotoka kwenye dhiki.

Falaji nazo zina mgogoro wake wa umri. Hadithi ya Oman inasema Nabii Suleiman bin Daud aliyaamuru majini yachimbe 10,000 kwa siku 10. John Wilkinson, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu maji na makabila, aliipa Uajemi nafasi kubwa. Baadaye Walid Yasin al-Tikriti na wenzake walichimbua falaji za Zama za Chuma huko Hili na Bidaa Bint Saud, karibu na al-Ain, zenye umri unaokaribia miaka 3,000, na hoja kwamba ufundi huo uliletwa kutoka nje ikadhoofika sana.

Ukiziweka njia hizi pamoja, unagundua kwamba swali la "kijiji hiki kina miaka mingapi?" halina jibu moja. Mahali panaweza kuwa pamekaliwa kwa miaka 3,000, udongo ukawa wa miaka 1,000, nyumba ya miaka 300, na ukuta wa shamba ukawa umejengwa upya baada ya mvua ya mwaka juzi. Swali lenye tija ni jingine: ni wakati gani kulikuwa na mikono ya kutosha kuyatunza yote haya, na ni nini kilichoilipa mikono hiyo?

Bandari inapopumua

Jibu linaonekana katika vipindi vitatu, na vyote vinaanzia pwani.

Cha kwanza ni karne ya 9 na ya 10, Sohar ilipokuwa bandari kubwa ya Bahari ya Oman, meli zake zikienda Basra, India na kwingineko. Nyuma yake, katika mabonde ya Hajar, shaba ilichimbwa tena kwa wingi. Malundo ya taka za kuyeyushia yaliyochunguzwa na Gerd Weisgerber, mtaalamu wa migodi ya kale kutoka Bochum, yapo hadi leo Arja na Lasail. Kuyeyusha shaba kunahitaji mkaa, mkaa unahitaji miti, na wachimbaji wanahitaji kula. Kwa kipindi hicho mlima ulilisha viwanda.

Hapa akiolojia inasahihisha vitabu vya tarehe. Wanahistoria wa Oman wanasimulia kwamba mwaka 893 jeshi la Bani Abbas chini ya Muhammad bin Nur liliingia nchini, likauangusha uimamu, likachoma vitabu na kufukia falaji, na nchi ikaharibika. Maafa yalikuwepo bila shaka. Lakini al-Muqaddasi, mwanajiografia aliyeandika karibu miaka 90 baadaye, aliisifu Sohar kuwa mji tajiri, na vigae vya mashambani havionyeshi kwamba kilimo kilikatika ghafla. Maisha ya vijiji hayakufuata sana kalenda ya watawala. Yalifuata zaidi soko, na Sohar iliposhuka baadaye, mashamba yake ya nje yaliachwa.

Cha pili ni karne ya 14 hadi ya 16. Hormuz, kisiwa kikavu kisicho na maji wala shamba, kiligeuka kuwa kituo kikuu cha biashara ya Ghuba, na kila kilicholiwa hapo kilitoka ng'ambo. Mji wa Julfar ulikua chini ya kivuli chake. Nyuma ya Julfar, ukuta wa matofali ya udongo wenye urefu wa kilomita 7 hivi, unaoitwa Wadi Sur, ulijengwa kuilinda mitende ya tambarare. Wakati huohuo ndipo matanuri ya Wadi Haqil yalipoanza kutoa mitungi kwa wingi, na mitungi hiyo ikaanza kupanda milimani. Bandari iliyonunua nafaka, na mlima ulionunua vyombo vya kuitunzia, vilikua pamoja.

Cha tatu kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1624 Nasir bin Murshid al-Yaarubi alichaguliwa imamu, na chini ya ukoo wake Wareno walitolewa Maskati mwaka 1650 na Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Utajiri wa bahari uliopatikana uliingia ardhini. Masimulizi ya Oman yanamkumbuka Imamu Saif bin Sultan, aliyefariki mwaka 1711, kwa lakabu ya Qaid al-Ardh, mwenye kuifunga ardhi, kwa sababu ya falaji alizozifufua na mitende aliyoipanda kwa makumi ya maelfu. Sehemu ya utajiri huo ilitoka kwenye pwani yetu, na watu waliotekwa na kuuzwa kutoka bara la Afrika walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi katika mashamba ya mitende. Karne ya 19, tende za Oman zilipopata soko Marekani, kazi ya watumwa Waafrika ilizidi, hasa katika Batina, kama Matthew Hopper alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2015. Karafuu za Unguja na Pemba nazo zilirudi Arabuni zikiwa nyumba: majumba ya Ibra, katika Sharqiyya, yanajulikana kwa kujengwa na familia zilizotajirika Zanzibar.

Mtu anaweza kupinga kwamba majumba ya Ibra na mitende ya Batina ni habari za tambarare. Ni kweli kwa sehemu. Ushahidi wa mlimani ni mwembamba zaidi, na si kila kijiji kilichopanuka kilipanuka kwa ajili ya bandari. Wala dhana ya kimbilio si uongo mtupu. Jabal Akhdar imekuwa ngome mara nyingi, na mara ya mwisho ilikuwa kati ya 1957 na 1959, wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali walipojihami juu yake hadi vikosi vya Uingereza vilipopanda Januari 1959. Mji wa Tanuf, chini ya mlima, ulipigwa mabomu na ndege za Uingereza, na magofu yake bado yamesimama. Lakini ngome hutumika vita vikija. Miaka mingine yote mlima uliishi kwa kuuza, kununua na kuteremka.

Kipimo cha Yemeni

Yemeni inatusaidia kuona ni kipi kilikuwa cha Hajar peke yake na kipi ni sheria pana zaidi. Huko mvua ya kusi hufika nyanda za juu, na mashamba ya ngazi yamefunika milima mizima bila haja ya falaji. Utafiti ulioanza Dhamar mwaka 1978, ulioongozwa na McGuire Gibson na baadaye Tony Wilkinson, ulionyesha kwamba baadhi ya ngazi hizo zilianza katika Zama za Shaba. Yemeni pia ina kitu ambacho Hajar haina, nacho ni maandishi ya kilimo. Mwaka 1271 al-Ashraf Umar, aliyekuja kuwa sultani wa ukoo wa Rasuli, aliandika kalenda ya mwaka mzima inayotaja nyakati za kupanda, kuvuna, kulipa kodi na kuwasili kwa meli Aden. Daniel Varisco aliitafsiri na kuifafanua mwaka 1994. Katika kalenda hiyo mtama wa mlimani na jahazi la bandarini viko ukurasa mmoja.

Kisha ikaja kahawa. Kuanzia karne ya 16 miteremko ya magharibi ya Yemeni ilipandwa zao ambalo thamani yake iliamuliwa Mokha, Cairo na baadaye Ulaya. Na miaka ya 1970, vijana walipokwenda Saudia kwa mamia ya maelfu kutafuta kazi, ngazi zilianza kuporomoka ingawa mvua iliendelea kunyesha. Ukuta mmoja usipotengenezwa, maji yanauvunja wa chini yake, na wa chini unauvunja unaofuata. Yemeni ilionyesha mbele ya macho ya watafiti mambo ambayo kwa Hajar ilibidi yasomwe kwenye vigae: mashamba hufa mikono inapoondoka, na mikono huondoka pale mahali pengine panapolipa zaidi.

Waliofunga mlango na wasirudi

Kuhamwa kwa vijiji vya Hajar kunasimuliwa kwa kawaida kama habari ya ukame. Ukame upo. Mifereji kadhaa ya Jabal Akhdar imepungua maji, na sehemu ya ngazi za ash-Shirayjah imekauka. Lakini mpangilio wa magofu unasema zaidi ya hapo. Wadi Bani Habib, kijiji cha udongo na mawe katika uwanda wa Saiq, kimehamwa huku mijozi na mikomamanga ya bondeni ikiendelea kuzaa, na wenyeji wamejenga nyumba mpya jirani, upande unaofikiwa na gari. As Sab Bani Khamis, chini ya mwamba uliochomoza kwenye korongo la Wadi Nakhr, hakikuweza kufikiwa na gari lolote, na kikaachwa kabisa. Musandam na Ras al-Khaimah nako nyumba za kufuli zilifungwa msimu mmoja wa joto na wenyewe hawakupanda tena, kwa kuwa chini kulikuwa na ajira, shule na hospitali.

Kwa mtazamo huo, mafuta ya karne ya 20 hayakuivunja historia ya vijiji hivi. Yaliendeleza mwenendo wake wa zamani: pwani iliita, na watu wakateremka kama walivyozoea. Kilichobadilika ni kwamba safari hii pwani haikuhitaji ngano ya mlimani, kwa kuwa unga ulikuwa ukija kwa meli, na hakukuwa na sababu ya kurudi juu.

Uelewa huu una matokeo kwa wanaohifadhi. Fedha za uhifadhi huvutwa na majengo, yaani minara, ngome na nyumba zinazoweza kugeuzwa vyumba vya wageni. Misfat al-Abriyin, kijiji kilichotajwa na Shirika la Utalii Duniani mwaka 2021 miongoni mwa vijiji bora vya utalii, kimefanikiwa kwa sababu falaji yake inatiririka na mitende yake inalimwa, wageni wakilala ndani ya nyumba za zamani. Mahali ambapo nyumba hukarabatiwa na mashamba yakaachwa, kinachobaki ni ganda. Kuta za ngazi zitaanguka ndani ya miongo michache, na udongo uliobebwa kwa karne nyingi utaishia bondeni kwa mvua chache kubwa. Pamoja na udongo huo vitaondoka vigae, mkaa na tabaka ambazo akiolojia inazihitaji. Kwa hiyo kumlipa mkulima anayetengeneza ukuta ni kazi ya uhifadhi yenye uzito sawa na kumlipa fundi anayepaka lipu mnara.

Ina matokeo pia kwa wanaoandika historia ya Bahari ya Hindi. Tumezoea kuihesabu kwa bandari: Maskati, Hormuz, Mombasa, Kilwa, Unguja. Nyuma ya kila bandari palikuwa na watu waliolima, waliochoma mkaa, waliofinyanga na waliolazimishwa kufanya kazi, na bila wao jahazi lisingepata cha kupakia wala baharia asingepata cha kula. Kule Hajar watu hao wameacha ushahidi unaoshikika. Historia ya Maskati au Zanzibar inayoanzia gatini ina nusu ya hesabu tu, na nusu ya pili iko kwenye ngazi za mawe na ndani ya mitungi isiyopita mlangoni, ikisubiri mtafiti atakayeacha kuupita mlango huo akielekea makaburini.